Kuwaka Si Kipimo

Laptopu iliyobadilishwa bodi ikirudi inawaka, usiharakishe kutoa pesa. Hata bodi iliyopigwa blowa ili ichangamke kwa wiki mbili huwaka vizuri ikiwa bado iko mezani kwa fundi. Mimi huipima kazi hii kwa mikono ya fundi, kwa hiyo huomba kiti nikae niangalie.

Kwanza naangalia umeme. Chaja ikishachomolewa, betri nayo hutolewa kabla ya kitu kingine chochote kuguswa. ThinkPad nyingi zenye betri ya ndani zina sehemu kwenye BIOS ya kuizima betri kabla mfuniko haujafunguliwa. Fundi anayeanzia hapo bila kuambiwa ameshanituliza moyo.

Kisha mkanda wa kifundo cha mkono, ule wenye waya unaopeleka umeme tuli ardhini. Mwili wa mtu huanza kuuhisi umeme huo unapofika kama volti 3,000, lakini zipo chipu zinazodhurika hata chini ya volti 100. Yaani kidole kinaua na mwenye kidole hana habari. Unyevu wa Dar es Salaam hupunguza hatari hiyo, ila Dodoma wakati wa kiangazi hewa ni kavu na nguo zinatoa cheche. Mkanda au hakuna mkanda, bodi hushikwa kingoni, kwa mikono miwili, wala hainyanyuliwi kwa kuvuta kebo.

Penye skrubu ndipo ninapokaza macho. Laptopu moja iliyowahi kuwa yangu ilirudi na kiuvimbe karibu na mahali pa kulaza kiganja, kidogo mfano wa chunusi. Skrubu ya milimita 5 ilikuwa imekazwa kwenye tundu la milimita 3, ikalisukuma ganda kutoka ndani. Hapo nilibahatika. Kosa hilohilo likifanyika juu ya bodi, ncha ya skrubu hukata njia nyembamba za shaba zilizolala ndani ya tabaka zake, na bodi mpya inakufa siku ya kufungwa. Ndiyo maana fundi wa kweli huzipanga skrubu mezani kwa kufuata matundu zilikotoka, au huzichomeka kwenye kipande cha boksi alichochorea umbo la mashine. Nikiona zote zimemwagwa kwenye kifuniko cha chupa, naomba laptopu yangu.

Bodi mbadala nayo ikaguliwe. Jina la laptopu peke yake halitoshi, kwa sababu modeli moja huja na prosesa tofauti, na mara nyingi rami imechomelewa humohumo. Linganisha namba iliyochapwa kwenye bodi yenyewe: nyingi za Compal huanza na LA, na nyingi za Lenovo zilizotoka kiwanda cha LCFC huanza na NM. Halafu iinamishe kwenye mwanga. Utando wa kahawia kando ya chipu kubwa, au rangi ya ubao iliyoungua, ni alama ya moto. Ukijani kwenye miguu ya soketi ni kutu ya shaba, na kwetu pwani si nadra.

Wakati wa kufunga, pesti ya zamani ya prosesa ifutwe kwa spiriti mpaka chuma king'ae, ndipo mpya ipakwe kidogo. Skrubu za kipoza joto aghalabu zina namba pembeni yake. Zikazwe kwa kufuata namba hizo, kidogo kidogo, si moja mpaka mwisho.

Mashine ikiwaka, kazi bado ipo. ThinkPad ikionyesha kosa 2200 au 2201, ujue namba za utambulisho wake hazijaandikwa kwenye bodi mpya. Na kama diski ilifungwa kwa BitLocker, itaona bodi ngeni na kudai ufunguo wa tarakimu 48. Usipokuwa nao, picha na kazi zako zimo humo ndani na huzifikii. Fundi aliyewahi kunirudisha nyumbani nikazitafute tarakimu hizo, hajagusa hata bisibisi, ndiye ninayempelekea mashine mpaka leo.