Wachoraji wa Magemu ya Kijapani Wanatufundisha Nini Sisi Tunaoandika?

Ndugu msomaji, kabla hujasema kwamba jarida letu limegeuka kibanda cha gemu, nisikilize kwanza. Mimi ni mwandishi mchanga. Nimemaliza kidato cha nne, sina cheti kingine, ila nina madaftari manne yenye riwaya ambayo naiandika mwaka wa tatu sasa. Shujaa wangu ni binti wa muuza samaki. Mwezi uliopita nilimpa mshikaji wangu mmoja, fundi wa kuchora, anitengenezee jalada. Aliporudi nilichoka. Binti wa muuza samaki alikuwa na macho kama visosi, nywele zimesimama kama miiba ya nungunungu, mikanda mitatu kiunoni na buti za askari.

Nikamwambia, "Bwana, huyu siye." Akanijibu bila hata kupepesa: "Umeandika kurasa mbili nzima za sura yake, mimi nimesoma, sikumwona. Ikabidi nikamkope kwa Wajapani."

Tukanuniana wiki mbili. Lakini maneno yake yaliniuma kwa sababu yalikuwa na ukweli. Basi nikaamua kwenda kuwatazama hao Wajapani wenyewe, mmoja mmoja, kwa jicho la uhakiki kama tulivyofundishwa darasani: fani na maudhui. Haya hapa niliyoyaona.

Magemu ninayoyazungumzia ni yale ya hadithi, ambayo mchezaji anavaa nafasi ya mhusika na kusafiri naye tangu kijijini hadi mwisho wa dunia. Japani waliyapokea kwa kishindo miaka ya 80 kupitia mashine ya Famicom ya Nintendo. Na hapa lazima uelewe umaskini wa mashine ile, maana bila hivyo hutaelewa kazi ya wachoraji. Mhusika anayetembea kiooni alijengwa kwa vidoti 16 kwa 16. Piga hesabu: visanduku 256 tu. Mtu mzima, na nguo zake, na upanga wake, na huzuni yake. Rangi zilikuwa tatu kwa kila kipande. Sasa wewe mwambie mchoraji mwenye jina kubwa kwamba kazi yake itaishia humo. Wengi wangekataa.

Akira Toriyama hakukataa. Alizaliwa mwaka 1955, na kabla ya magemu alikuwa tayari gwiji wa katuni za magazeti: Dr. Slump kuanzia 1980, halafu Dragon Ball kuanzia 1984. Mwaka 1986 akachora wahusika na mazimwi ya Dragon Quest, gemu lililobuniwa na Yuji Horii. Kuna habari moja ya kazi hiyo ambayo kila mwandishi anapaswa kuijua. Horii alihitaji zimwi dhaifu kuliko yote, lile ambalo mchezaji anakutana nalo mwanzo kabisa. Akachora mwenyewe rasimu: bonge la ute lililomwagika chini, basi. Toriyama akalichukua bonge lile akalifanya tone. Tone la buluu lenye ncha juu, macho mawili ya mviringo, na tabasamu pana. Mpaka leo tone lile ndilo alama ya Dragon Quest.

Tazama alichofanya. Horii alichora tope ambalo kazi yake ni kuuawa. Toriyama akalipa umbo ambalo mtoto anaweza kulichora mchangani kwa kidole, halafu akaliwekea tabasamu, na kwa tabasamu lile ukajua kwamba hii ni safari ya furaha hata kama utapigwa. Nani kamwambia zimwi litabasamu? Hakuna. Hiyo ndiyo fani inayobeba maudhui, ndugu zangu, siyo ile ya kujibia mtihani. Tena mchoro wake haukupotea ulipoingizwa kwenye visanduku, kwa sababu tangu mwanzo ulikuwa na mistari michache. Toriyama alikuwa amezoea katuni za kila wiki, nyeusi na nyeupe, ambazo msomaji lazima amtambue mhusika kwa kumtupia jicho tu.

Simsifu bila kumkosoa. Nyuso zake zinafanana mno. Ukimtazama shujaa wa Chrono Trigger, gemu la mwaka 1995, unamwona ndugu wa Goku wa Dragon Ball, hata nywele kidogo uzibadilishe. Na kwenye picha yake maarufu ya gemu hilo, yule binti Marle anarusha uchawi wa moto, wakati ndani ya gemu uchawi wake ni wa maji na barafu. Ni kosa dogo, lakini linaonyesha kitu: mchoraji na hadithi walikuwa hawajakaa meza moja wakamalizana. Pamoja na hayo, alidumu na Dragon Quest toka la kwanza hadi la kumi na moja, lililotoka 2017. Alifariki tarehe 1 Machi 2024 akiwa na miaka 68. Wiki hiyo nilimwona kijana wa mtaani kwetu amechora lile tone ukutani kwa chaki. Hakuandika jina. Hakukuwa na haja.

Sasa njoo kwa Yoshitaka Amano, ambaye ni usiku wakati Toriyama ni mchana. Amano alizaliwa 1952, akaingia studio ya katuni za filamu, Tatsunoko, akiwa na miaka 15 tu. Wengine wetu umri huo tulikuwa bado tunachapwa kwa kuchelewa namba. Alipotoka huko akachora picha za vitabu vya Vampire Hunter D, halafu mwaka 1987 akaitwa na kampuni ya Square kuchora Final Fantasy. Mistari yake ni myembamba kama uzi wa buibui. Watu wake wamepauka, nguo zinapepea bila upepo, rangi ya maji imeachwa ijitembeze. Ndani yake unaona chapa za mbao za kale za Kijapani, na unaona pia ule mtindo wa Ulaya wa Art Nouveau, wenye mapambo yanayojiviringa kama mizabibu.

Na picha hizo ziliingizwaje kwenye visanduku 256? Jibu fupi: hazikuingia. Mfano mzuri ni Terra, wa Final Fantasy VI ya mwaka 1994. Kwenye picha za Amano ana nywele za dhahabu. Ndani ya gemu zina rangi ya kijani. Mara ya kwanza nilipoliona hilo nilicheka, nikasema hawa jamaa hawakusomeshana. Baadaye nikaacha kucheka. Mchezaji wa enzi ile alikuwa na kijitabu cha gemu mkononi, anaona picha ya Amano. Halafu anainua macho kwenye kioo, anaona kidoli cha vidoti. Kati ya vitu hivyo viwili kulikuwa na pengo, na mchezaji alilijaza mwenyewe. Kidoli kilimwambia Terra yuko wapi na anafanya nini. Picha ilimwambia Terra anaota nini. Terra kamili hakuwa kwenye kijitabu wala kwenye kioo. Alikuwa kichwani mwa mchezaji.

Hapa ndipo nilipomkumbuka mshikaji wangu, nikaona aibu.

Lakini sitaki kumpa Amano sifa zote, kwa sababu kuna mtu tunamruka. Kidoli kile hakikujichora. Aliyechora wahusika wa Final Fantasy za mwanzo kwa vidoti ni mwanamke aitwaye Kazuko Shibuya, aliyeingia Square mwaka 1986. Fikiria kazi yake, bwana. Unaletewa picha yenye mistari elfu kama moshi wa ubani, unaambiwa iweke kwenye kisanduku kidogo kuliko kucha. Utatoa nini, utabakiza nini? Katika Final Fantasy VI kuna wahusika 14 wa kuchezwa, na kila mmoja anainamisha kichwa kwa huzuni, anashtuka, anacheka. Zile picha za Amano zilizopakwa rangi haziinamishi kichwa. Ni vidoti ndivyo vilivyonifanya nisimamishe simu na kukaa kimya kidogo. Majina yanayovuma ni ya waliochora jalada. Aliyefanya kazi ya kupunguza mpaka kikabaki kile kinachotosha, huyo hatumtaji. Mimi namtaja, kwa sababu kupunguza ndiyo kazi ngumu kuliko zote, na mwandishi yeyote aliyewahi kukata ukurasa alioupenda anajua.

Mwaka 1997 mambo yakageuka. Final Fantasy VII ilitoka kwenye PlayStation, na wahusika wakawa na miili ya pande tatu. Michoro ya Amano ya moshi na uzi isingewezekana kuvishwa miili ile. Kazi ya wahusika akapewa Tetsuya Nomura, kijana aliyezaliwa 1970, ambaye kabla ya hapo alikuwa akichora mazimwi. Amano akabaki na nembo na picha za pembeni. Na nembo anazichora mpaka leo, hata ya Final Fantasy XVI iliyotoka 2023 ni yake. Nomura alimleta Cloud, yule kijana wa nywele za miiba na upanga mpana kama mlango. Kwa kweli upanga ule ni fani safi. Mikono ya Cloud kiooni ilikuwa kama matofali, uso huuoni vizuri, lakini upanga ukiuona tu unajua ni nani, na unajua kabeba mzigo unaomzidi. Hadithi nzima ya gemu lile ni ya mtu aliyebeba mzigo usio wake. Nomura alipiga penyewe.

Tatizo lilikuja mashine zilipotajirika. Mhusika Lulu wa Final Fantasy X, mwaka 2001, ana gauni ambalo mbele yake lote ni mikanda. Mikanda juu ya mikanda. Swali langu ni moja: inasema nini? Upanga wa Cloud unasema. Tabasamu la lile tone linasema. Mikanda ya Lulu inasema tu kwamba sasa mashine inaweza kuonyesha mikanda. Najua mashabiki watanirushia mawe, lakini huo ndio ugonjwa wetu pia sisi tunaoandika: tukijifunza msamiati mpya tunaubandika wote kwa mhusika mmoja, hadi anashindwa kutembea.

Nimalizie na mfano wa dawa yake. Kampuni ya Atlus ilikuwa na mchoraji Kazuma Kaneko, aliyechora miungu na mashetani ya Shin Megami Tensei, 1992, kutoka visa vya kale vya mataifa mengi. Watu wake ni baridi kama sanamu za kaburini. Aliyepokea kijiti katika mfululizo wa Persona, kuanzia Persona 3 ya mwaka 2006, ni Shigenori Soejima. Huyu akachora wanafunzi ambao ungeweza kukaa nao dawati moja: mmoja kalegeza tai, mwingine kainama mabega. Na kila gemu likawa na rangi yake. La tatu buluu, la nne, 2008, njano, la tano, 2016, nyekundu. Kaneko alifaa kwa miungu, Soejima akafaa kwa watoto wa shule. Hakuna aliye bora kwa kila hadithi. Kosa ni kumvalisha mtoto wa shule sura ya mungu, au binti wa muuza samaki buti za askari wa Nomura.

Ndiyo maana siungi mkono wanaosema vijana wetu waache kabisa kutazama anime. Watazame. Ila wasikope macho na nywele, wakope swali: kama ningekuwa na visanduku 256 tu, mhusika wangu ningemtambulisha kwa nini?

Nilirudi kwenye madaftari na swali hilo. Zile kurasa mbili za sura yake, rangi ya ngozi, urefu wa shingo, meno kama lulu na takataka nyingine zote, nilizikata. Nikabakiza sentensi mbili: kwamba kwenye daladala hukaa dirishani na kulifungua hata mvua ikinyesha, na kwamba vidole vyake vina makovu madogo ya magamba. Nikampelekea mshikaji. Hatukuombana radhi, sisi wanaume wajinga. Alisoma amesimama mlangoni, akaniuliza, "Makovu yako mkono gani?" Nikamwambia wa kushoto, kwa sababu kisu anashika kwa kulia. Akaingia ndani kutafuta penseli.

Jalada bado halijakamilika, na riwaya pia bado. Huo ndio mtazamo wangu. Anayebisha kuhusu Lulu na mikanda yake achukue kalamu. Kurasa za jarida hili ni zetu sote.