Nani Kasimulia? Grafu ya Maarifa na Banda la Video Kagongwa

Wenzetu wa kompyuta wana kitu wanachokiita grafu ya maarifa. Tusitishwe na jina. Ni sentensi zile zile tulizozichambua tangu sekondari: kiima, kitenzi, yambwa. Kanumba aliigiza katika Oprah. Oprah ilitoka 2008. Ukiunganisha maelfu ya sentensi za namna hii, kila jina likawa fundo na kila kitenzi uzi, unapata wavu unaoweza kuuliza kwake nani aliigiza na nani, au filamu ipi ilitokana na riwaya gani. Zamani wavu huo ulisukwa kwa mkono. Sasa kazi hupewa modeli ya lugha, yaani programu iliyolishwa maandishi mengi mno hata ikaweza kusoma makala na kuchomoa sentensi hizo yenyewe.

Likizo iliyopita, nikiwa nyumbani Kagongwa, nilijaribu. Nilimchagua Steven Kanumba kwa kuwa ni mtoto wa mkoa wetu: alizaliwa Shinyanga 1984 na kufariki 2012, akiwa na miaka 28 tu. Nikaandika aya chache juu yake, nikaipa modeli moja ambayo jina lake nalihifadhi. Haikufanya vibaya. Ilijua kwamba "alicheza" hapa si ngoma. Lakini Ray na Vincent Kigosi, ambao ni mtu mmoja, iliwafanya wawili. Na Oprah, filamu ya Kiswahili yenye jina la kigeni, ikaifunga kwa mama yule mtangazaji wa televisheni wa Marekani. Nilicheka peke yangu. Hata hivyo makosa hayo hurekebishika, unaikumbusha tu.

Kilichonikera ni kingine. Pale kwenye banda la video, jirani na mashine za kukoboa mpunga, wazee wa mtaa hawaulizi mkanda umeongozwa na nani. Wanauliza: nani katafsiri? Niliandika kwamba Lufufu aliisimulia Titanic, ile ya 1997, kwa Kiswahili. Modeli ikanitolea: Lufufu, mfasiri, Titanic. Basi, imekwisha!

Ndugu msomaji, yeyote aliyemsikia Lufufu anajua kwamba hilo ni tusi. Msimulizi wa video hubeba sauti za wahusika wote, hueleza mila za Wazungu, humkemea mhusika, huchomeka utani, na mara nyingine hunyamaza ili picha iseme. Matthias Krings, mtaalamu wa Kijerumani aliyeichunguza sanaa hii, aliipa makala yake kichwa kinachozungumzia kugeuza mchele kuwa pilau. Sisi tunaoishi kwa mchele tunaelewa vizuri kwamba pilau si mchele uliotafsiriwa. Penina Muhando na Ndyanao Balisidya walikwisha tuandikia mwaka 1976 juu ya sanaa za maonyesho, nasi tunawanukuu kwenye mitihani. Inapofika zamu ya banda la video tunawasahau.

Kwa hiyo tatizo halipo katika modeli peke yake. Kabla haijasoma neno, kuna mtu aliyeipa orodha ya vitenzi: aliongoza, aliandika, aliigiza, alitayarisha. Orodha hiyo ni uhakiki, tena wenye itikadi, maana inaamua nani ni msanii. Mwalimu wangu mmoja atasema kanda hizo zilinakiliwa bila ruhusa ya wenyewe. Kweli kabisa, wala sitetei wizi. Ila mbona hatusemi kwamba kazi haikuwepo kwa sababu haikuwa na leseni? Uganda wana ma-VJ wao, Kenya wana DJ Afro. Wote hawa tuwaweke chini ya "mfasiri"?

Niliongeza kitenzi kimoja, "alisimulia", na nikaagiza kila usimulizi uwe fundo lake lenyewe, lenye uzi kwenda kwenye filamu ya asili. Modeli ilikubali bila ubishi. Ikaniomba maandishi zaidi ya kusoma. Hapo ndipo nilipokwama, kwa sababu sanaa hii iko masikioni na kwenye kanda, na waliowahi kuiandika ni wachache, wengi wao wageni.

Mwenye banda alinitolea boksi la kanda za VHS chini ya kitanda. Nyingi zina ukungu. Chache zina jina la filamu; zilizobaki zimeandikwa kwa kalamu jina la msimulizi tu.