Amekata, au Imekatika?

Imetufikia karatasi ya kufundishia Kiingereza cha simu, nayo yafasiri vitenzi vyenye kijineno nyuma yake neno kwa neno. "Hold on" ni "shikilia juu", "hang up" ni "tundika juu", na "I'll get back to you" yawa "nitarudi kwako". Mtoto wa Mgwashi atauliza kwa haki: atundike nini, naye ana simu ya mkononi?

"Hang up" ina asili yake. Simu za kale zilikuwa na kisikilizio kilichoangikwa kwenye ndoano, na kukiangika ndiko kulikomaliza mazungumzo. Ndoano imekwisha, usemi umebaki. Nasi tusicheke sana. Neno letu "simu" latoka katika neno la Kiajemi la waya, na leo twalitumia kwa chombo kisicho na waya.

Hayo yachekesha tu. Tunaloshutumu hasa ni kwamba karatasi hiyo yafasiri "hang up" na "be cut off" kwa neno moja, "kata simu". Mtu akisema "he hung up on me" amemlaumu mwenziwe; akisema "we were cut off" hakumlaumu mtu. Huku Usambara, ambako kilima kimoja chatosha kuzuia mawimbi, tofauti hiyo ni heshima ya mtu. Kijana amwombaye kazi bwana aliyeko Tanga, simu ikakatika, naye akapiga tena na kusema "Sorry, I hung up", amejishitaki kwa utovu wa adabu asioutenda.

Ajabu ni kwamba lugha zetu zapambanua jambo hili vizuri kabisa. Amekata, amenikatia, imekatika: shina ni moja, na mwisho wa kitenzi ndio utoao hukumu. Kisambaa nacho, kama lugha nyingine za Kibantu, hugeuza vitenzi kwa viungo vya mwisho, hata mtoto huja darasani amekwisha kujua kazi hii. Mwalimu na aanzie hapo, ndipo aonyeshe kwamba Mwingereza huweka kijineno mahali petu pa kiungo, ingawa si kila mara viwili hivyo vyalingana.

Kwa "hold on" twashauri "subiri kidogo", au lile lisemwalo kila siku, "usikate". Mwingereza huamuru kushika. Sisi twakataza kukata.