Kutua Tanga

Wakati wa kiangazi Mto Mkondoa hupita Kilosa kwa upole, hata mtu akasahau kuwa ndio uleule uliovunja kingo zake mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, ukaingia majumbani na kung'oa reli. Sisi tuliozaliwa hapa tumezoea kuuangalia unakotoka, milimani, maana shari hutokea huko. Unakokwenda hatukuwaza sana. Darasani tulichora mstari wa buluu: Mkondoa wetu, na Mkata ule unaokatiza tambarare za Mikumi, yote huishia katika Wami, na Wami huingia Bahari ya Hindi kaskazini ya Bagamoyo, ng'ambo ya Unguja. Kisha ubao ukafutwa, tukaenda nyumbani.

Mstari ule nilikuja kuukuta tena nikiwa mtu mzima, mwishoni mwa Mei, masika ikiwa imeondoka juzijuzi. Nilikuwa nimeomba nafasi katika mashua iliyopakia magunia ya unga na madumu ya mafuta, kutoka Bagamoyo kwenda Saadani. Nahodha alikuwa mzee wa maneno machache, na hakuwa na nia ya kufika siku hiyohiyo. Kusi ilikuwa imeanza kukaza. Vijana wawili wakavuta jarari, foromali ikapanda mlingotini, tanga likajaa, na mashua ikainama kidogo kama mtu anayejitwisha mzigo. Baada ya hapo kukawa kimya: maji yakiteleza chini ya mkuku, na kijana mmoja akikumba maji ya ngama kwa kopo.

Nilipanda nikitaka kujua chombo kinakwendaje. Nikafundishwa kinavyosimama.

Tangu adhuhuri nahodha alikuwa anashughulika na usiku. Alisoma rangi ya maji, akitenga weupe wa fungu, kijani cha mchanga na weusi wa mwamba. Alihesabu siku za mwezi, kwa kuwa mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua, na katika bahari hii maji ya bamvua hupanda na kushuka karibu mita 4. Mahali panapoelea chombo saa kumi jioni, saa nne usiku paweza kuwa pakavu. Alifikiria pia upepo ambao bado haujavuma. Kusi ikilegea usiku, alfajiri hutoka umande wa bara, na chombo hugeuka chote kwenye amari, yaani kamba ya nanga. Kigeukapo kisije kikakuta mwamba nyuma. Akaamuru bildi ya kupimia kina itupwe. Pima tatu. Mashua ikasogea kidogo, bildi ikatupwa tena. Nanga ikashushwa, haikurushwa, na amari ikaachiwa urefu wa kutosha maji ya kujaa na ya kupwa.

Jua lilikuwa bado juu. Kijana mmoja akasema upepo ungali mzuri, tungeweza kuingia Saadani kabla ya Isha. Mzee hakumkaripia. "Kutweka, mwanangu, upepo unakusaidia," alisema. "Kutua huna wa kukusaidia."

Neno hilo sijaliacha tangu siku ile. Tanga hutua, jua hutua, ndege hutua mtini, na mpagazi hutua mzigo wake. Kutoka humo Kiswahili kikazaa kituo, na washairi wetu wakauita hivyo hata mstari unaofunga ubeti. Lugha iliyolelewa na mabaharia na watu wa misafara ilijua mapema kuwa safari hupimwa kwa mahali pa kupumzikia.

Bara nako kulikuwa na manahodha. Bonde la Mkondoa lilikuwa njia kuu ya misafara kutoka pwani. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walilipanda mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871 masika ikamkuta katika matope ya Mkata. Vitabu vimehifadhi majina yao. Lakini aliyeujua usiku alikuwa kiongozi wa msafara, aliyetangulia mbele ya wapagazi. Maji yako wapi? Chakula kinauzwa kijiji gani? Tutue ng'ambo hii au tuvuke kwanza? Mtu wa Kilosa anajua uzito wa swali hilo la mwisho: mto huvukwa jioni, maana mvua ikinyesha milimani usiku, asubuhi hauvukiki. Hiyo ni elimu ileile ya amari na bamvua, tofauti yake ni kwamba hii ilitembea kwa miguu.

Na ni elimu ya zamani. Katika karne ya 1 mtu mmoja aliyeijua Misri aliandika kwa Kigiriki mwongozo wa wafanyabiashara, unaojulikana kwa jina la Periplus. Ndani yake mwambao wetu, aliouita Azania, unahesabiwa kwa vituo: siku moja ya tanga, mahali pa kutia nanga, kisha siku nyingine. Anazitaja hata mashua zilizoshonwa kwa kamba. Leo kwenye visiwa vya Ugiriki kwenyewe watu hukodi mashua za tanga wakati wa kiangazi, wakasafiri polepole kutoka ghuba moja tulivu hadi nyingine, huku wakiuchunga Meltemi, upepo mkali wa kaskazini wa majira yao. Nahodha wangu angekaa nao jioni, wakaelewana kwa kuonyeshana mawingu.

Wagiriki nao walifika kwetu, na hawakuja kwa ajili ya bahari. Walikuwa miongoni mwa wenye mashamba ya mkonge Kimamba na Kilosa. Mkonge wenyewe ulikuwa mgeni: Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893, na miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kabla ya nailoni, nyuzi za mkonge zilisokotwa kamba za meli duniani. Kwa hiyo mkata mkonge wa Kimamba, ambaye huenda hakuwahi kuiona bahari, alikuwa akishikilia vyombo katika bandari asizozijua.

Siulaumu mwendo wa kasi. Reli mpya ya umeme, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, imejengwa kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa na hupenya milima ya Kilosa kwa mahandaki. Mgonjwa anayewahishwa Dodoma anaishukuru, nami naishukuru. Lakini nenda Mikumi jioni, pale madereva wa malori ya Zambia wanapoegesha. Utamwona mmoja akizunguka lori lake, akigonga tairi kwa chuma, akitazama mteremko kabla ya kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Ndipo anapokwenda kutafuta chakula. Mashine imebadilika, ila aliyelala salama bado ni yule aliyejua kutua.

Usiku ule sikulala haraka. Mashua ilicheza taratibu, na kutoka mikokoni zilikuja sauti za viboko. Alfajiri umande ukatoka bara kama alivyosema mzee, mashua ikageuka, na nyuma yetu palikuwa na maji tele. Kulipopambazuka nikaona rangi ya bahari: haikuwa buluu, ilikuwa ya chai ya maziwa. Tulikuwa tumelala mbele ya mlango wa Wami. Mto ule uliotukimbiza majumbani ulikuwa umefika mwisho wa mwendo wake, umepunguza kasi, na ulikuwa unautua polepole udongo ulioubeba tangu milimani.

Vijana wakaanza kuvuta amari. Nanga ilikuwa nzito kung'oka. "Tope la hapa linashika vizuri," alisema nahodha, "ndiyo maana napapenda." Ilipotokeza juu ya maji, makucha yake yalikuwa yamejaa udongo. Nikauchukua kidogo, nikaufikicha kwa vidole. Ulikuwa udongo wa kwetu. Ndio uliotushika usiku kucha.