Kinjeketile na Neno Lililobaki

Kila Ijumaa Kuu vijana wetu wanapoigiza mateso ya Bwana, kanisa zima hunyamaza. Kijana tuliyemwona asubuhi akipanga viti anashushwa msalabani, na kina mama wanalia machozi ya kweli. Tunajua ni maigizo, hata hivyo mwili unasisimka. Jukwaa lina nguvu ya kutuwekea marehemu mbele ya macho.

Nguvu hiyo imo katika Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyotoka mwaka 1969. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alikuwa mtu wa kweli. Wajerumani walimnyonga mwaka 1905, Vita vya Maji Maji vikiwa ndiyo kwanza vinaanza. Mwandishi hakumwacha afe mapema hivyo. Jukwaani anaishi hadi kuona watu walioamini maji yake wameangamizwa kwa risasi.

Anapozama mtoni na kurudi siku ya pili, watu wanapata imani. Sisi kinachotutisha ni hofu yake ya baadaye, pale anapoanza kuyatilia shaka maneno yaliyotoka kinywani mwake mwenyewe. Mwishoni, akiwa kifungoni, anatakiwa kukiri kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, kwa kuwa anahofia watoto wa kesho wataambiwa kwamba baba zao walipigania upuuzi.

Tunamheshimu, lakini hapa hatukubaliani naye. Maelfu kwa maelfu walikufa katika vita ile na njaa iliyoifuata. Walikuwa na haki ya kudai uhuru wao, na maji hayakuzuia risasi. Mambo haya mawili yanaweza kusemwa pamoja, wala la pili haliwavunjii marehemu heshima.

Tunalisema hili kwa kujihukumu wenyewe. Tumewahi kumzika ndugu aliyeahidiwa uponyaji kwa jina la Mungu, kisha tukanyamaza kuhusu ahadi ile ili imani ya watu isitikisike. Wafiwa wakabaki na swali ambalo hakuna aliyethubutu kuligusa.

Mchezo ukiisha, mwigizaji aliyekufa huinuka na kupigiwa makofi. Kinjeketile mwenyewe hainuki, wala ndugu yetu. Kuwafufua ni kazi ya Bwana. Yetu ni kuwakumbuka kwa ukweli, na tamthilia hii inafaa kusomwa katika vikundi vyetu vya vijana kwa sababu hiyo.