Hiari na Sheria katika Sarufi ya Kiingereza

Wasahihishaji wengi wa insha za Kiingereza hudhani kuwa kila penye njia mbili, moja haina budi kuwa ya upotevu. Mwanafunzi aandikapo "help him to read" hukatwa alama na mwalimu huyu. Aandikapo "help him read" hukatwa na yule. Hukumu zote mbili si za haki. Kitenzi "help" hukubali kufuatwa na neno "to", na hukubali kulikosa. Wamarekani hupenda zaidi umbo fupi, na Waingereza wa leo nao hulitumia sana.

Asili ya jambo hili ni kongwe. Kiingereza cha kale kilikuwa na maumbo mawili ya kitenzi-jina: moja lilisimama peke yake, likiishia kwa "-an", la pili lilitanguliwa na "to", likiishia kwa "-enne". Miisho hiyo ilipopotea, "to" likabaki kuwa alama pekee. Ndiyo maana "can" na "must" hazilitaki hata leo, na "want" haitengani nalo. Ama "make", hulikataa katika "they made him work", lakini hulidai kauli igeukapo: "he was made to work". Hiari, basi, ina mipaka yake.

Hali ni hiyo hiyo kwa vibainishi, yaani maneno madogo yatanguliayo jina. Umbo "an" ndilo la asili, nalo latokana na neno la kale lenye maana ya "moja". Herufi "n" ilidondoka mbele ya konsonanti. Biblia ya Kiingereza ya 1611 ingali na "an house". Katika kamusi yake ya matumizi ya 1926, H. W. Fowler aliyaona maneno "an historical" kuwa madoido, maadamu "h" hutamkwa. Shauri lake lilikuwa jema, lakini wengine walilifanya amri. Mbele ya "history", yenye mkazo mwanzoni, "a" ndiyo desturi. Mbele ya "historian", ambayo silabi yake ya kwanza ni hafifu, waandishi hodari wamegawanyika.

Lakini si kila hitilafu ni hiari. "In hospital" ya Uingereza na "in the hospital" ya Marekani zaweza kutaja ugonjwa ule ule; bali "go to school" ni kwenda kusoma, na "go to the school" ni kufika kwenye shule fulani. Hapa kibainishi kikikosewa, maana yageuka, na alama ya kosa ni halali.

Msemaji wa Kiswahili hana sababu ya kustaajabu. "Ku" ya "kula" hubaki katika "anakula", hutoweka katika "hali", na katika "kwenda" huachiwa msemaji: "amekwenda" au "ameenda".

Msahihishaji mwadilifu huuliza kwanza kama maana imeharibika, kisha kama desturi imevunjwa, na mwisho kama mwandishi ameshika njia moja katika insha yake. Akitia wino mwekundu mahali ambapo lugha yenyewe imeruhusu, humfunza mwanafunzi woga, wala hamfunzi Kiingereza.