Ile foto ya Abidal inatudanganya kidogo

Leo nazungumzia foto moja ambayo wengi wenu mnaijua. Ni Wembley, tarehe 28 Mei 2011. Barcelona imefunga Manchester United 3-1, kapiteni Puyol anampa Éric Abidal kitambaa chake, na Abidal anainua Kombe la Mabingwa wa Ulaya. Kwetu, mtu akipelekwa India kuwekewa figo, hiyo foto inaanza kuzunguka kwenye simu, na chini yake wameandika kwamba jamaa alipandikizwa ini akarudi bingwa.

Foto ni nzuri, lakini hadithi si hiyo. Siku ile Abidal alikuwa bado hajapandikizwa kitu. Mwezi wa 3 mwaka 2011 alitolewa uvimbe kwenye ini. Kupandikizwa kwenyewe kulikuja tarehe 10 Aprili 2012. Akarudi kucheza mechi ya ligi tarehe 6 Aprili 2013, na Mallorca, akiingia kama mbadala. Karibu mwaka mzima! Njo hadithi yenyewe hiyo, lakini haina kombe, kwa hiyo hakuna anayeituma.

Mtasema: tarehe tu, shida iko wapi? Shida niliiona nyumbani kwetu Lokandu. Mjomba alirudi na figo mpya, na sisi tulikuwa tumesoma ile foto hivi: operesheni ndiyo ushindi, kinachobaki ni sherehe. Tukamkalisha kwenye kiti kama yai. Wali asubuhi, ugali na samaki jioni, soda kila mgeni anapofika. Akitaka kusimama: "Mjomba, kaa, utachoka." Mimi mwenye lisansi ya kilimo njo nilikuwa wa kwanza kumnyang'anya jembe. Baada ya miezi suruali zikakataa kufunga, na kipimo kikaonyesha sukari imepanda.

Kumbe dawa zinazozuia mwili usikatae kiungo kigeni zina bei yake. Prednizoloni inaongeza njaa, inapandisha sukari na kula misuli. Takrolimusi inaweza kupunguza insulini inayotoka kwenye kongosho. Ndiyo maana watu wengine wanapata kisukari baada ya kupandikizwa, hata kama hawakuwa nacho mbele. Na dawa hizo haziachwi. Kinachoweza kusaidia ni misuli yenyewe: ikifanya kazi, inavuta sukari kutoka kwenye damu. Kwa hiyo kutembea si pambo la kupona, ni sehemu ya matibabu.

Kama tunataka mchezaji wa kumfundishia mtu wa figo, mimi namchagua Ivan Klasnić wa Kroatia. Mwaka 2007 figo ya mama yake ilikataliwa na mwili, ya baba yake ikashika. Juni 2008 akafunga bao dhidi ya Poland kwenye Kombe la Ulaya la mataifa. Katika hadithi yake kushindwa kunaonekana, na familia inaonekana pia. Lakini hata yeye alikuwa mchezaji wa kulipwa, mwenye watu wa kumwangalia kila siku. Mjomba ana sisi tu.

Sisi wa kilimo tunajua mche ukishapandikizwa, kazi haijaisha, imeanza. Ila mfano huo una mpaka: mche hauna dawa zinazopunguza kinga. Udongo una vimelea, kwa hiyo mtu wa figo asirudi shambani bila kumwuliza daktari wake, na akiruhusiwa, avae glavu na buti.

Leo mjomba, kwa ruhusa ya daktari, anatembea kila asubuhi mpaka ukingo wa Lualaba na kurudi. Alianza kwa kufika paka kwenye mwembe wa jirani. Soda tumeiachia wageni.

Mukitaka kutuma foto, tumeni ya siku ya Mallorca, na muandike chini tarehe zote mbili: ya operesheni na ya kurudi uwanjani.